Thamani ya Kwotabeki Wenu

Erdington, Birmingham

Mjukuu wangu Idris,

Salaam aleikum. Huku hatujambo, ila goti linamsumbua nyanya yako. Ami yako, ndugu ya baba yako, amepata kazi ya ghala kule Washwood Heath.

Umeniuliza kama timu yenu huko Marekani itapata faida ikimtoa kwotabeki wake, huyo anayewarushia wenzake mpira, ipewe wachezaji watatu. Mchezo wenu siujui vizuri, lakini mabadilishano kama hayo niliyaona Isiolo nikiwa kijana.

Timu yetu ya mtaa ilikuwa na kiungo aitwaye Guyo. Hakuwa na mbio, na mabao hakufunga. Alitoa pasi tu, na kabla ya kupiga alikuita: "Yusuf, shika!" Nahodha wetu akampeleka Guyo kwa timu ya mtaa wa pili, nasi tukapata washambuliaji wawili na kipa. Sote tulisema tumewapunja.

Siku tuliyocheza nao, Guyo aliupata mpira katikati, akaniangalia, akaita, "Yusuf, shika!" Nikamwacha niliyekuwa nikimkaba, nikachomoka kwenda kupokea. Guyo akacheka, akampa mpira yule niliyemwacha, naye akafunga.

Kwa hivyo usianze na hao watatu. Mtazame kwotabeki wenu akiita, uone wangapi wanageuka kabla hawajafikiri.

Juzi kwenye basi mama mmoja Mkongo alimpa mwanawe chupa ya maji, akamwambia, "Shika!" Mguu wangu ukaruka wenyewe.

Babu yako,
Yusuf