Bunduki Yenye Misumari ya Shaba

Wivine weee, uko? Natoka kusherehekea ku fête ya bakambo, babu na bibi, mbavu zinaniuma na kucheka!

Unajua ile bunduki ya ku ukuta ya salon yabo, ya kushindilia baruti ku mudomo? Njo mali kambo Gervais alilipa juu ya kuoa kambo Adolphine! Wakati ya Babeleji!

Baba mukwe, muzee Mutonkole, mutu ya pombe, alitaka paka bunduki, hapana kingine. Gervais akapanga muzuri: ataenda na rafiki yake muwindaji, batapima, hapana haraka. Eh! Kufika ku magazini ya Kamalondo, akaona moja yenye misumari ya shaba ku kitako. Akanunua palepale. Muwindaji angali njiani!

Akaipeleka. Mama mukwe akaruka: «Ile bunduki yetu, baliiba! Mwizi njo huyu!» MWIZI, Wivine! Bandugu bakakamata fimbo.

Gervais akainua mikono: «Mama, twende ku magazini, tuulize nani aliiuzisha.»

Baba mukwe, jasho tiii: «Hapana kwenda! Mali imetosha! Adolphine, fuata bwana yako!»

Mama mukwe akaangalia bwana yake. Akamuangalia weee. Kisha akarudishia Gervais bunduki:

«Beba na hii, mutoto yangu. Ikibakia hapa, huyu ataikunywa tena.»