Hukuuawa na Baiskeli, Dada Awino

Mpendwa dada yangu Awino,

"Mjane anayepanda baiskeli kwenda kutembea kwa raha amejiitia chira mwenyewe."

Hayo aliyasema shemeji yako Odera mwezi uliopita, kwenye kikao cha ukoo nyumbani kwako Usenge, mbele ya binti yako. Chira, kwa wasomaji wasio wa huku kwetu, ni ile laana inayomkondesha mvunja mila mpaka afe. Odera anasema ulikufa kwa sababu mimi na wewe tulishuka kwa baiskeli kutoka vilima vya Nandi mpaka ziwani, wakati kaburi la mumeo Ouma lilikuwa halijaota nyasi na wewe hujarithiwa.

Ni uongo. Nimebishana magazetini na watu wakubwa kuliko Odera, maaskofu na wabunge, na sikusita. Leo nasita, kwa sababu ili nimjibu lazima niseme jambo uliloniambia mimi peke yangu, na binti yako atalisoma.

Akoth sasa ana miaka kumi na tisa. Likizo ya Agosti, yeye na marafiki zake wawili wanataka kushuka njia ile ile tuliyoshuka sisi, na kuimalizia kaburini kwako. Ukoo umesema akija na baiskeli hatakanyaga uwanja wa mama yake mpaka atakaswe. Alikuja kwangu Nyamasaria na habari hizo. Hakukubali kuketi.

"Mjomba," akaniuliza, "ni kweli Mama alijiua kwa kutembea? Na mimi nikienda, nitakonda?"

Mimi ambaye watu husema sijui kunyamaza, nilimwambia jibu lake nitaliandika gazetini.

Unakumbuka ulivyokuja kunishawishi? Ulikuwa umevaa koti la Ouma, kama mila inavyomtaka mjane, mikono yake ikikufunika mpaka vidoleni. Ulisimama nje, hukutaka kuingia. "Owadwa," ukaniita kwa lugha yetu, ndugu yangu, "nataka kwenda mahali pa baridi, halafu nishuke mpaka majini. Polepole. Bila mtu wa kutuongoza."

Nilikuuliza kama umeanza kuchanganyikiwa.

"Bado," ukasema. "Ndiyo maana nataka kwenda sasa."

Baiskeli zilipanda juu ya basi, yako ikiwa ile aliyoiacha Ouma, yangu ya kuazima kwa rafiki wa Dunga. Mwongozo wetu ulikuwa ukurasa wa atlasi ya shule ambamo vilima na mabonde yote ni rangi moja ya kahawia. Tulishuka basi Nandi Hills asubuhi yenye ukungu mzito kiasi kwamba wachuma chai tuliwasikia kabla ya kuwaona. Meno yako yaligongana. Ulicheka ukasema hata samaki wa barafu wana joto kuliko sisi.

Halafu tukafika ukingoni. Barabara ilizama chini ya miguu yetu, na kule bondeni tukaona mashamba ya miwa, na mbali kabisa ziwa likimeta kama kipande cha bati. Hapo ndipo sote wawili tulipokumbuka breki.

Baiskeli ya ziwani haijui breki. Ouma alikuwa mnunuzi wa samaki, na kama wenzake wote wa Usenge alikuwa ameng'oa vyuma vya breki ya nyuma ili kreti ikae vizuri. Huku kwetu ardhi ni sahani. Ukitaka kusimama unaacha kukanyaga. Ile yangu ya Dunga ilikuwa vivyo hivyo, na raba za mbele zilikuwa zimeliwa na maji ya samaki. Tulikuwa tumebeba chumvi, blanketi, viazi na Biblia yako, lakini kati ya watu wawili waliosoma hakuna aliyewaza kwamba mlima una upande wa kushuka.

Tukazisukuma. Muuza makaa mmoja akatupita akiwa na magunia yake, akiburuta tawi zito la mti nyuma ya baiskeli limpunguzie kasi. Akapaza sauti bila kugeuka: "Nyinyi watu wa samaki! Baiskeli inapandwa, haichungwi!"

"Yetu ni mgonjwa," ukamjibu. "Tunaipeleka kwa daktari."

Lakini ulikuwa umeliangalia lile tawi. Ukachana leso yako, ukafunga tawi lako na langu, ukapanda. Mimi nilitaka kukukataza. Sikuwahi kuogopa vile maishani mwangu. Kila kona ilikuwa na ukingo mmoja tu, na ng'ambo ya ukingo ilikuwa hewa. Nilikanyaga gurudumu la mbele kwa soli ya kiatu mpaka nikasikia harufu ya mpira unaoungua. Lori la chai likatoka nyuma yetu likipiga honi bila kupunguza mwendo. Nilikuona umeinama, koti la Ouma limejaa upepo, tawi likirukaruka kama mbwa aliyefungwa. Lori likakupita. Vumbi likakumeza. Niliita jina lako, na vumbi halikuitika.

Nilikukuta chini, umekaa kando ya barabara. Uso wako ulikuwa mweupe kwa vumbi, na machozi yalikuwa yamechora njia mbili.

"Niliogopa," ukasema. "Kweli niliogopa. Nilikuwa nimesahau kuogopa kitu kinachoisha."

Sikuelewa. Nilidhani unasema habari ya msiba.

Usiku ule tulilala juu ya madawati ya shule moja karibu na Chemelil. Siku iliyofuata tukapitia Awasi na Ahero, barabara imenyooka kama kamba, na mvua ikatukuta tukiingia Nyamasaria, mlangoni kwangu mwenyewe. Mke wangu alikuwa na mimba ya mtoto wetu wa kwanza. Akatoka na taulo.

"Mama Akoth, ingia, unalowa."

Hukusogea. Mjane ambaye hajamaliza mambo yake haingii nyumba ya watu asije akaiingizia chira, wewe na yeye mlilijua hilo. Ukamtazama tumboni. "Unaogopa?"

Mke wangu akanitazama, kisha akatazama chini. "Naogopa," akasema.

"Basi mimi niko sawa hapa nje."

Nilifoka. Unakumbuka nilivyofoka. Nilisema hii ni nyumba ya kupanga mjini, wala si boma la mtu; nilisema nimesoma, na kwamba kwangu hakuna mila itakayomwacha dada yangu kwenye mvua. Majirani walifungua madirisha. Ukaningoja nimalize, kama unavyomngoja mtoto anayelia.

"Umemaliza, Bwana Msomi? Sikia. Siku mtoto huyu atakapopata homa, na watoto wote hupata homa, mkeo atakumbuka mguu wangu ndani ya nyumba yake. Wewe utakuwa kazini unabishana. Yeye atakuwa hapa peke yake na hofu hiyo. Kwa nini nimwachie?"

Ukachukua uji wako ukanywa umesimama chini ya ukingo wa paa. Ukaenda kulala kwenye ukumbi wa kanisa. Mtoto alipozaliwa, mimi ninayewacheka wenye kuamini laana, nilimfunua nikamkagua vidole vya mikono na vya miguu kabla sijamwambia mama yake asante.

Kwa hiyo ningeweza kumshinda Odera kwa sheria yake mwenyewe. Ningemwambia: Awino hakuingia nyumba ya mtu yeyote, kutoka Nandi mpaka Usenge. Alilala shuleni na makanisani. Taja mila aliyoivunja. Ni hoja nzuri na ingemnyamazisha, lakini siitaki. Nikiitumia nitakuwa nimekubali kwamba kama ungeingia kwangu ukakausha nguo, ungestahili kufa.

Baada ya Maseno ulianza kukawia. Mnyororo ulikuwa mzima, ukasimama kuukagua. Hukuwa na kiu, ukaomba maji. Siku nzima tulikuwa tukiteremkia ziwani na siku nzima ulikuwa ukitafuta mlima. Mimi nilijua sehemu tu ya sababu: wazee walikuwa wameshapanga kwamba ukirudi, Odera, binamu wa Ouma, ataingia nyumbani kwako akurithi, kama ilivyo desturi. Nikadhani humtaki tu. Nikaanza kukuhutubia kuhusu haki za wanawake, nikihema juu ya baiskeli.

Ulisimama kupita Bondo, ukalaza baiskeli kwenye majani.

"Nyamaza kidogo. Daktari aliyemtibu Ouma aliniita pembeni. Akasema nipimwe na mimi. Nimepimwa."

Mwanzoni mwa miaka ya tisini hakuna aliyekuwa akilitaja jina lile huku kwetu. Watu walisema ni kifua, walisema ni kurogwa, walisema chira. Mimi nalitaja: Ukimwi. Ouma alikufa kwa Ukimwi, na wewe ulikuwa nao, na ulikuwa nao kabla hujagusa usukani wa baiskeli ile. Uliniambia ukiwa unang'oa majani moja moja.

"Odera ana mke," ukasema. "Ana watoto wanne. Wanamleta kwangu kama ng'ombe anayepelekwa josho, naye hajui josho lina nini."

"Waambie wazee."

"Nikiwaambia, Akoth wangu atakula sahani moja na nani?"

Alikuwa na miaka kumi na moja, mzima, ulimzaa miaka mingi kabla ya hayo yote. Nilikuuliza nifanye nini. Ukasema nisiseme lolote mpaka siku ambayo neno hilo litamfaa mtu. Kisha ukapanda.

Tulifika ufukweni Usenge jua bado lipo. Wanawake walikuwa wakigeuza omena, dagaa wa ziwa letu, kwenye nyavu zilizotandazwa. Mmoja akainuka, mkono kiunoni.

"Haa, Mama Akoth! Koti la mwanamume, baiskeli ya mwanamume! Sasa utaota ndevu."

"Zikiota nitakuuzia," ukasema, "wewe zako zimekuwa haba."

Walicheka mpaka ndege wakaruka. Nilikutazama ukicheka nao, nikaona mkono wako umeshika tandiko la baiskeli kwa nguvu mpaka vifundo vimepauka. Nyumbani kwako kulikuwa hatua chache tu juu ya ufuo. Odera alikuwa ameshafika. Alikuwa amenyoa, amevaa shati safi, ameketi uwanjani na wazee wawili.

Nilikaa kando nikasikia yote. Ulikwenda moja kwa moja hadi mlangoni pako, ukageuka, ukasimama hapo.

"Odera, rudi kwa mke wako."

Akacheka akiwatazama wazee. "Mwanamke huyu ananiogopa."

"Sikuogopi wewe. Mimi ninaogopa kwa ajili yako. Na kwa mama watoto wako. Rudi nyumbani."

Mzee mmoja alikuambia huyo unayemfukuza ndiye ukuta wako. Ukasema ukuta unao, ni wa udongo, utaukandika mwenyewe. Ukaingia, ukafunga. Kwa miaka mitano uliyoishi baada ya hapo walikuita mwanamke wa kiburi. Wake zao hawakukualika. Ulipoanza kukonda walipita mbali na ua wako wakitikisa vichwa: tulisema. Uliwaacha waseme. Mimi nilikuja kila mwezi na dawa ambazo hazikutibu kitu, na kila nilipofika niliogopa kwanza kutazama kama moshi unatoka jikoni kwako.

Hiyo ndiyo hofu niliyoizoea. Iliyonishika sasa ni mpya. Naogopa kwamba Akoth akisoma haya ataliona jina la ugonjwa kabla hajakuona wewe. Naogopa atakapokuwa kwenye mteremko ule, hata kama nimemfungia breki mbili mpya kwa mikono yangu. Lori la chai bado lipo na dereva wake bado hapunguzi mwendo. Naogopa watu watasema nimekuanika, na huenda watakuwa sahihi. Lakini nimeyapima haya yote, nikaona hakuna linalonitisha kama kumwona mtoto wako akikua akiamini kwamba furaha ya siku nne ndiyo iliyomuua mama yake. Ulisema nisubiri siku ya kumfaa mtu. Siku yenyewe imefika, na mtu mwenyewe unamjua.

Pumzika, dada. Sitakuomba radhi kwa kusema, kwa sababu najua ungeninyamazisha kwa mkono tu na kuniambia nimekwisha kusema mengi.

Na sasa nageukia nyinyi, wazee wa ukoo wa Ouma mnaokaa Usenge, maana najua gazeti hili hufika huko na husomwa kwa sauti. Akoth atakuja Agosti. Atakuja kwa baiskeli, amechoka, ana vumbi, na kaburi ni la mama yake. Mwacheni aingie, na mtu asimtakase kwa kosa ambalo halikuwahi kutendwa.

Na wewe, Odera. Una miaka zaidi ya hamsini, una afya, mke wako yu hai, na wale watoto wanne wamekuwa saba. Jiulize nani alikupa wale watatu. Siku Akoth atakapofika, usimtume mtu. Simama mwenyewe, umwambie kwa kinywa chako maneno ambayo mama yake alikuambia akiwa mlangoni, yote, mbele ya wazee wale wale, na umwambie kwamba uliyasikia.

Dada Awino, ni mimi mdogo wako niliyeshuka nyuma yako