Pembe Bado, Mama

Mpendwa Mama,

Shikamoo. Marahaba yako nitaidhania tu, kama ninavyoidhania kila asubuhi nikishika chaki.

Nimeandikiwa barua ya kujieleza. Ndiyo, mimi, mwanao uliyenionya nisibishane na wakubwa. Mwalimu mkuu anataka nieleze kwa maandishi kwa nini naendelea kufundisha mwandiko darasa la kwanza, wakati kikao kilishaamua kipindi hicho kifutwe na watoto wafanye majaribio. Nilikuwemo kikaoni. Nilikataa mbele ya walimu wote, na kesho yake nikaingia darasani nikachora mistari ubaoni kama kawaida.

Usinikunjie uso. Wewe ndiye uliyenifikisha hapa.

Nakumbuka darasa lako la kwanza, pale Chang'ombe, nikiwa dawati la mbele. Nyumbani Mama, shuleni Mwalimu, na nikichanganya nilisimamishwa. Ulikuwa unatugeuzia mgongo, unainua mkono, nasi nyuma yako tunaandika herufi g hewani: duara, shuka, pinda mkia. Nilipokuja kuwa mwalimu mwenyewe ndipo nilipoelewa kwamba mgongo ule ulikuwa wa makusudi, ili mkono wako na mikono yetu iende upande mmoja.

Mkia wa g, ulisema, ni karanga. Lazima uingie chini ya mstari kwa sababu karanga haizai juu ya udongo. Hilo tulilijua, maana tulizing'oa karanga tangu hatujaota meno ya pili. Kazi ilikuja kwenye ng'. Sauti yenyewe tulikuwa nayo, wengi wetu tumeilamba kwenye Kigogo, lugha ya bibi zetu, lakini mkononi haikuwepo. Darasa zima likaandika "ngombe". Ukapita dawati kwa dawati na kalamu nyekundu.

"Karanga haina pembe," ukasema. "Ng'ombe anayo. Mpe pembe yake."

Kuanzia siku hiyo kile kialama cha juu kikawa pembe. Mimi na mdomo wangu nikauliza mbona mbuzi naye ana pembe na hatumwekei. Ulicheka mpaka chaki ikakuponyoka, ukasema mbuzi wangu atajibiwa kesho. Kesho hiyo naisubiri mpaka leo.

Miaka mingi baadaye kiharusi kikakuangusha na mkono wako wa kulia ukalala. Nilikwenda sokoni Majengo nikanunua daftari na penseli nene, nikakaa nyuma yako, mkono wangu juu ya wako, kama ulivyonifanyia zamani. Wiki ya kwanza vijiti tu. Kisha viduara. Ulikuwa unalia, Mama, na mimi nilijifanya sioni. Siku ulipoandika neno zima, ulichagua jina la mtaa wetu, herufi zikiyumba ukurasa mzima. Nilipiga makofi, nikataka kuichukua penseli. Ukaing'ang'ania. Kwa ulimi ule uliokuwa mzito ukaniambia, "Pembe bado."

Ukahangaika nayo mpaka jasho likakutoka. Ukaiweka, imelala kidogo, lakini mahali pake. Daftari hilo ninalo.

Sasa nisikilize. Mwalimu mkuu wetu si mtu mbaya. Ni kijana msomi, ananiamkia kila siku bila kukosa. Anasema wazazi wa hapa Area D wanataka matokeo, watoto hawa wataandika kwa kompyuta, mwandiko ni mambo ya enzi zenu. Majaribio yenyewe ni karatasi za kuchagua jibu: mtoto anazungushia duara, basi. Nina mtoto mmoja anaitwa Neema, mama yake anauza karanga sokoni. Alipata tisa kati ya kumi, tukampigia makofi. Nikampa karatasi tupu nikamwambia aniandikie ng'ombe. Aliitazama, akachora duara katikati, akanirudishia huku anatabasamu. Alidhani ndiyo kazi yenyewe.

Niliumia, Mama. Kazi yetu tunaiita kuumba herufi, na mtoto yule hakuwa ameumba kitu. Wengine wameandika, yeye anachagua. Akizoea hivyo, atakua anazungushia maneno ya wenzake mpaka azeeke. Mimi hilo silikubali, na hata wangeniandikia barua kumi nisingelikubali.

Kwa hiyo kila siku, kipindi kilekile walichokifuta, nawageuzia mgongo wanangu arobaini na kitu na tunaandika hewani. Juzi Neema aliniandikia ng'ombe. Pembe ilimtua juu ya o badala ya mahali pake. Nilimsifu, kisha nikamwambia aisogeze.

Barua ya mwalimu mkuu imechapwa vizuri na ina mhuri. Kwenye anwani yangu ya nyumbani imeandikwa "Changombe". Niliisoma mara mbili nikihisi unanichungulia begani. Majibu yangu nimeyaandika kwa mkono, kurasa tatu, kwa mwandiko ulionipa. Nimemwambia kila kitu: karatasi ya Neema, daftari lako, na kwamba kipindi sikiachi. Wakinihamisha, wanihamishe, huko nako kuna darasa la kwanza. Wakinipeleka darasa la sita, nitaanza na vijiti.

Leo mchana alinikuta mezani, shikamoo yake mdomoni kama kawaida. Akauliza kwa upole kama nimemaliza.

"Pembe bado," nikamwambia.

Hakuelewa. Nikaivuta barua yake ile yenye mhuri, nikafungua kalamu nyekundu, na yeye akiwa amesimama pale nikaipa Chang'ombe pembe yake. Nikamkabidhi zote mbili, ya kwake na ya kwangu. Aliitazama ile alama nyekundu, akazikunja zote mbili, akaondoka nazo. Nilipoiweka ile pembe, nilijua mkono wako ulikuwa juu ya wangu.

Pumzika kwa amani, Mama. Kazi ipo na anayeifanya yupo. Na yule mbuzi nitakuja kukuuliza mwenyewe.

Mwanao,
wa Chang'ombe yenye pembe