Blanketi la Mjukuu

Mwanangu mpenzi,

Sisi hatujambo, na mama yako anakusalimu huku akinicheka. Mimi, niliyefanya uashi miaka arobaini, nimejifunza kushona! Shangazi yako kanifundisha kushona blanketi la viraka kwa mistari ya kuzungukazunguka. Unashusha meno ya cherehani yanayovuta kitambaa, unakisukuma mwenyewe kwa mikono miwili, na uzi unapinda utakavyo, ila mstari usipite juu ya mwingine. Siku ya kwanza nilikanyaga pedali kama ninayekimbizwa, nikavunja sindano tatu.

“Kaka, legeza mabega,” akaniambia. “Hapa hakuna ukuta wa kunyoosha.”

Jana mkono ukakubali. Mistari ikateleza yenyewe, haikugusana hata mara moja, nikapiga kelele mpaka jirani akaja mbio.

Blanketi ni la mtoto wako. Najua nilikataa kuja harusini kwako, na maneno niliyosema siku ile yananichoma mpaka leo. Nisamehe, mwanangu. Njooni wote watatu. Mwambie mume wako nitakuja kumpokea stendi mimi mwenyewe, na mizigo yake nitaibeba.

Ni mimi,
Baba yako