Kwa Fundi Kimya, na Kicheko cha Nyuma ya Ukuta

Baba Watoto, yule mwanamke aliyekuwa akicheka kwenye karakana yako alikuwa nani?

Umetimia mwaka mmoja sasa tangu utuache, asubuhi, chai yako ikiwa bado haijapoa. Watoto wameniambia niandike mimi kumbukumbu hii kwa sababu ndiye niliyekaa nawe siku nyingi zaidi, na kwa sababu, wanasema, sisahau hata kifungo cha shati. Basi naandika. Wasomaji watuwie radhi. Swali hilo nimelitunza miaka thelathini na moja.

Ulikuwa fundi wa redio, na watu walikuita Fundi Kimya. Mteja akieleza ubovu nusu saa nzima, wewe ulimjibu, "Iache." Skrubu ulizipanga kwenye vifuniko vya chupa kwa jinsi zilivyotoka, na hukupoteza hata moja. Redio ya mgonjwa uliitanguliza mbele ya redio ya tajiri. Tajiri akinuna, ulimwacha anune. Shati lako lilinuka moshi wa kuchomelea nyaya, nami kabla ya kulifua nililinusa kwanza.

Ila karakana yako na jiko langu vilitenganishwa na ukuta mmoja tu. Kila redio ikipona, nilimsikia mwanamume yule yule akifoka mbio mbio kwa lugha nisiyoijua, kama mtu aliyenyang'anywa kiwanja. Kisha mwanamke anacheka. Kicheko kifupi, cha mtu aliyeizoea nyumba. Nikija na chai, kimya. Wewe peke yako, bisibisi mkononi, macho chini. Nikuulize nani alikuwepo, unasema, "Redio." Nikasema moyoni, haya, siku hizi redio nazo zinacheka na waume za watu.

Nilichunguza, sikufichi. Nilihesabu vikombe. Nilinusa kiti cha wateja. Dada yako, wifi yangu, akaniambia kwamba hata paka akipita dirishani nitamwuliza anatoka kwa nani. Nikamjibu kikulacho ki nguoni mwako, nikaendelea kutega sikio.

Mwezi uliopita binti yetu wa mwisho, ambaye sasa ndiye mwenye karakana, alimaliza kutengeneza redio kaseti moja kubwa. Akafungua droo yako, akatoa kanda iliyofutika maandishi, akaitia. Nilikuwa mlangoni. Yule mwanamume akaanza kufoka. Nikavuta kiti cha wateja, nikakaa.

Binti akanieleza kwamba hiyo ndiyo kanda ya baba ya kupimia redio. Mteja mmoja aliyehama aliisahau ndani ya redio yake. Ni albamu ya hip-hop ya zamani, ya siku ambazo muziki huo ulikuwa bado unatambaa. Ulijua kila pigo lake: ngoma ya mwanzo ikikoroma, spika imechanika; maneno yakivutika, mota imechoka. Hukumkabidhi mtu redio kabla haijafaulu mbele ya kanda hiyo.

Sikuamini. Nikasema ianze mwanzo, tuisikilize pande zote mbili. Ngoma ikaja, ikirudi na kurudi kama mtu asiyeridhika na jibu alilopewa. Mwanamume hakuimba, alikuwa anasema tu, lakini kila neno lilikanyaga pale pale kwenye ngoma, halitelezi. Mara nikasikia kwaru, kwaru-kwaru. Mimi ni mke wa fundi. Nikamwambia binti azime upesi, kanda inaliwa. Akacheka mpaka akashika meza. Kumbe kuna mtu anaisugua sahani ya santuri kwa mkono, makusudi, na huo ndio ufundi wenyewe. Nikamtazama kwa jicho la pembeni. Mtu akwaruze sahani nzima kwa kupenda, halafu wewe, uliyefuta vumbi la redio kwa brashi laini, umsikilize miaka yote hiyo?

"Anasema nini huyu?" nikauliza.

"Anajisifu, mama. Anasema hakuna fundi wa kumfikia."

Wewe hukujisifu hata siku moja. Kumbe ulikuwa na mtu wa kukusemea.

Upande wa pili, wimbo wa tatu, mwanamke akacheka. Nikaomba irudishwe. Akacheka tena, pale pale, vile vile. Nimemwonea wivu miaka thelathini na moja mtu aliyekaa ndani ya kaseti.

Lakini shaka yangu haikuisha, ilihama tu. Kama ni kanda, mbona uliizima kila nilipokuja? Binti akasema naye alikuuliza hivyo hivyo, ukamjibu, "Mama yenu alishasema hawataki wahuni wangu. Siwezi kumlazimisha."

Nikatafuta kichwani, nikaikuta. Siku ya kwanza kabisa nilipomsikia yule mwanamume akifoka, nikianua nguo, nilikupazia sauti dirishani kwamba hao wahuni wako wasigombane karibu na wanangu. Neno moja la kwenye kamba ya nguo, nawe ukalitii mpaka mwisho.

Tunaokukumbuka ni mimi mkeo. Wanao wawili wa kiume na wake zao. Binti yako wa karakana. Dada yako, ambaye amenicheka upya. Wajukuu saba, na kitukuu uliyemwacha hajaota meno, sasa anauma kila mtu. Kukusahau hatujui hata kunaanzia wapi.

Watoto walitaka niishie hapo. Lakini kuna jambo ambalo nilikuja nalo mlangoni kwako kila siku, pamoja na kile kikombe cha chai, nikarudi nalo. Sikuwa nataka kujua nani yumo ndani. Nilitaka uniambie, "Mke wangu, njoo ukae na mimi."