Kipaza Sauti cha Bondeni Kamwokya

Jumamosi, 4 Oktoba 2025

Mafunzo ya kukabili mafuriko yameanza, katika ukumbi wa parokia, juu kabisa, ambako maji hayafiki. Nilitangulia kufika. Wengine walikuja wakijipangusa jasho na kuomba radhi.

Mkufunzi ni Bwana Wanyama, zimamoto mstaafu kutoka Mbale. Wenzangu waliojitolea watabeba kamba, majembe na machela. Mimi nimepewa kazi ya kusema. Afisa wa habari kwa umma! Cheo kirefu kwa mwanamke mwenye magoti mabovu. Ameniteua, anasema, kwa kuwa nilifundisha Kiswahili chuo cha askari miaka mingi na sauti yangu inafika mbali bila betri.

Kanuni zake nimezipenda. Sema unachojua. Sema usichojua. Waambie watu wafanye nini. Usikisie. Usitaje jina la marehemu kabla ndugu zake hawajaambiwa. Msemaji awe mmoja. Hakuna pambo hata moja.

Kisha mazoezi. Kavugho, jirani yangu wa Butembo, Kongo, anayeuza samaki wakavu, alijifanya mwandishi wa habari. Akanisogezea mwiko mdomoni kama maikrofoni.

“Mwalimu, batu ngapi balikufa? Sema tu! Kumi? Makumi mbili?”

Nikajibu kwamba hatuna idadi iliyothibitishwa.

“Aa! Basi unaficha!”

Ukumbi mzima ulicheka. Mimi sikucheka. Nimecheka sasa hivi, peke yangu, nikichambua mchele.

Jumatano, 8 Oktoba 2025

Nimeandika tangazo la mafuriko, kwa Kiswahili na kwa Kiganda. Kiswahili ni kwa ajili ya Wakongo waliojaa kwenye vyumba vya kando ya mtaro. Wengi wao Kiganda hawajakishika. Sentensi nne tu. Kavugho kasoma, kasema nzuri sana, lakini maneno “elekeeni” na “mara moja” yanamkumbusha padri wao wa shule. Nikamwambia ndivyo inavyotakiwa.

Jumamosi, 11 Oktoba 2025

Siku ya aibu. Niiandike ilivyo.

Tulifanya jaribio bondeni. Nilivaa kizibao cha rangi ya chungwa, nikasimama kwenye daraja dogo la mtaro, nikabonyeza kipaza sauti. Nikasoma kama nilivyoandika. Tokeni majumbani. Elekeeni ukumbi wa parokia. Mara moja.

Wakongo walitoka. Walibeba watoto na sufuria, wakitaniana, wakapanda mlima kama watu waendao harusini.

Upande wa pili wa mtaro nikasikia milango. Pa! Pa! Pa! Ikifungwa. Mwanamume mmoja mwenye mvi aliruka uzio wa matete na kukimbilia kwenye migomba. Mama aliyekuwa akimenya ndizi za matooke aliacha kisu na beseni, akaingia ndani. Mwisho nikabaki naangalia kuku.

Wanyama alikuja taratibu, akanishika kiwiko.

“Mwalimu, hiyo Kiswahili yako iko mkali sana. Watu ya hapa, wale wazee, wakisikia Kiswahili ndani ya hii kitu, wanajua ni jeshi.”

Nikamwambia mimi ni mwalimu, si jeshi.

“Mimi najua. Kuku pia inajua. Lakini mlango haijui.”

Nikasoma tena, kwa Kiganda. Hakuna mlango uliofunguka. Dirisha moja tu, la nyumba ya mwisho, lilifunguka kiasi cha jicho.

Jumapili, 12 Oktoba 2025

Nimekwenda kwenye nyumba ya mwisho. Humo anaishi Mama Teresa, mjane, mshonaji. Cherehani yake iko chini ya dirisha, na dirisha liko juu ya mtaro. Maji yakija, yatamwanza yeye.

Nilibisha, nikajitaja. Akafungua, akanitazama kuanzia viatu.

“Kumbe ni wewe, Hajati.”

Sijakwenda Makka. Nimewaambia watu wa mtaa huu mara nyingi. Leo nimeliacha jina hilo lipite.

Tulizungumza Kiganda. Aliniambia bila kuacha kushona. Miaka ile ya vita kilipita kipaza sauti alfajiri, kwa Kiswahili: wanaume wote watoke, waende uwanjani na vitambulisho. Wanaume wengine wa mtaa walijificha darini. Mumewe alitoka, kwa sababu alikuwa mtu mtiifu. Alivaa hata shati safi. Waliojificha wangali hai, mmoja wao ndiye aliyeruka uzio jana.

Nikamweleza kwamba jana nilisoma kwa Kiganda pia.

“Nilisikia. Hata Kiganda chako kinapiga saluti. Ninyi wa Bombo mnaongea kama mnahesabu risasi.”

Alitabasamu alipokuwa akisema. Mimi nilihisi uso unapata moto. Babu yangu aliletwa nchi hii kama askari, kambi ya Bombo, na bunduki begani, baba yangu akaendelea nayo, na mimi nikafundisha watoto wa watu kuamuru. Sauti hii nimeirithi kama pua.

Nimemwahidi: nitaanza na Kiganda siku zote, na nitasema polepole. Amenipa kipande cha muhogo wa kuchemsha. Nimekula.

Jumanne, 21 Oktoba 2025

Mvua. Mtaro umefurika. Nimelowa hadi mifupa. Watu wote wako hai — wote. Siwezi kuandika zaidi.

Jumatano, 22 Oktoba 2025

Sasa naweza.

Ilianza baada ya chakula cha mchana. Wanyama alinipigia simu kwamba maji yamepanda daraja. Nilishuka na kipaza sauti chini ya kanga. Nikaona Wakongo wamesimama milangoni, watoto wanachezea maji ya kahawia, na maji yanakuja huku yamebeba magogo na magodoro. Nikabonyeza. Nikasema. Kilichotoka ni Kiswahili.

Sikuchagua. Kilitoka tu, jinsi mtu anavyoita “Mama!” akijikwaa. Tokeni majumbani. Elekeeni. Mara moja. Wakongo wakatoka, wote, na safu yao ya vyumba ilibomoka ukuta muda mfupi baadaye. Niliposhika Kiganda, mvua ilikuwa inapiga mabati kama mawe, na ile milango ya ng’ambo ilikuwa imekwisha kufungwa.

Wengine walitoka maji yalipowafikia. Mama Teresa hakutoka. Alitia komeo, akapanda juu ya meza ya cherehani. Kavugho ndiye aliyevuka kwa kushika kamba, akapiga dirisha kwa ngumi akimwita jina. Alimpata maji yakimfika kiunoni. Walimtolea dirishani, yeye na Wanyama.

Halafu wakaja waandishi wa habari, na mimi ndiye msemaji. Kizibao, uso mkavu. Tunachojua: tangazo lilitolewa, wakazi wamehamishwa, hakuna aliyekufa. Mkazi mmoja alichelewa, yuko salama.

Mmoja wa redio, binti mwerevu, akaniuliza kwa nini huyo mmoja alichelewa.

Nikasema: hilo bado hatulijui.

Nilikuwa nalijua. Kanuni inasema usikisie. Haisemi ujifiche nyuma yake.

Ijumaa, 24 Oktoba 2025

Mama Teresa amerudi nyumbani kwake. Mpwa wake wa Lubaga alimtaka akakae naye, amekataa. Cherehani imejaa matope. Anaisafisha kwa mswaki. Watu wa hali ya hewa wanasema mvua kubwa inarudi.

Nilikwenda kumwomba radhi. Nilikuwa nimepanga maneno. Akaniwahi: “Hajati, ulisahau tu.” Akasema mwilini mwake kuna mtu anayetia komeo kabla yeye mwenyewe hajafikiri. Hamlaumu mtu huyo, alimlinda. Nikamwambia safari hii atamzamisha. Akasema anajua.

Jioni, kikao. Wanyama alikuwa na jibu rahisi: Kiswahili kiondolewe kwenye kipaza sauti, kibaki Kiganda. Kavugho akasimama na mtoto mgongoni.

“Na siye? Tuoge maji sababu hatujui Kiganda?”

Wote wakanitazama, kana kwamba sarufi ina dawa. Nikasema lugha zibaki zote mbili, Kiganda kitangulie. Sauti ndiyo iondoke. Yangu. Nikamsogezea Kavugho kipaza sauti mezani.

Wanyama akauliza kama nina hakika. Kavugho yeye akauliza kama nitamsahihisha mbele za watu. Nikamwambia hapana. Hakuniamini. Alikuwa na haki.

Jumamosi, 25 Oktoba 2025

Mchana. Niko kwa Mama Teresa. Wingu limetoka upande wa ziwa na limeshafunika minara ya kilima cha Kololo.

Nimekuja bila kizibao. Wanyama kapiga simu: msemaji awe kituoni, waandishi wanaweza kuja. Ni kweli, ndiyo kanuni. Nimemwambia tunachojua ni kwamba mkazi mmoja hatatoka akiwa peke yake. Kasema sawa, Mwalimu, kaa hapo.

Nimemwomba Mama Teresa twende sasa, kabla ya tangazo. Anasema chai kwanza. Majani ameshayatia. Mlango uko wazi, anaingia na kutoka, anaanika nguo ambazo zitalowa tena. Ananitania kwamba mgeni wa namna yangu anamfukuzia wateja.

Mvua imeanza.

Kipaza sauti hicho, kutoka darajani. Kavugho. Kiganda kwanza, kibovu, cha sokoni, na mtu huko nje anacheka. Kisha Kiswahili cha kwao: “Batu ya huku chini, mutoke! Maji inakuya! Mutoke na batoto, muache sufuria!” Sentensi zangu nne hazimo. Hakuna upatanisho hata mmoja. Sijali.

Mama Teresa ameweka kikombe chini. Amekwenda mlangoni, ameufunga, na mkono wake uko kwenye komeo. Hajalisukuma. Anasikiliza.

“Mama Teresa, na weye! Weye mwenye cherehani! Mutoke!”

Mabega yake yanatetemeka. Kutoka hapa nilipokaa sioni uso wake. Huenda ni kicheko.

Neno moja langu lingemaliza jambo hili, upande huu au ule. Nalisikia limeshajipanga kooni, limesimama wima, na sijui kulisema kwa namna nyingine ila ya kuamuru. Ndiyo maana naandika. Maji yameanza kupita chini ya mlango, yanafika kwenye viatu vyake, na mkono ungali kwenye komeo, haujalisukuma.