Hodi ya Tatu

Jumatatu, 9 Machi 1998
Kompyuta ya zamani tena. Nimenakili sauti ya wimbo wa kupimia, nikanakili na kunakili, zote zicheze pamoja. Kufika nakala ya nane, sauti ni kwikwi tupu. Feni inanguruma kama mashine ya kusaga. Mutua, mwenzangu hapa studio, ananisumbua: kompyuta mpya itaziweza sauti zote za kwaya yake au haitaziweza? Kesho naipima. Wimbo ni uleule, wa marehemu mke wangu Mwanasiti. Ana mwaka sasa, kaburi lake liko Msambweni.

Jumanne, 10 Machi
Mpya ni kiboko. Nakala ishirini, haijatetereka.
Wimbo unaanza na Mwanasiti akipiga hodi mbili mlangoni mwa chumba cha kurekodia. Nilikuwa nimeshawasha mitambo. Hakungoja ya tatu, mwanamke wa haraka yule. Sikuikata sehemu hiyo. Nyimbo zake ninazo tele, lakini hapo tu ndipo anaposema nami.
Leo nimesikia hodi tatu.

Jumatano, 11 Machi
Nakala moja, hodi mbili. Nakala zote pamoja, tatu. Mutua: "Hiyo ni mashine imechelewesha moja, bwana. Wacha uoga."
Si kuchelewa. Ya tatu ni ya chini zaidi, ya mtu aliyechoka kusimama.

Ijumaa, 13 Machi
Nimetoka msikitini, nikaja moja kwa moja.
Hodi ni tatu. Usipoitikiwa, unarudi ulikotoka. Sote tunajua. Lakini bibi yangu wa Kinondo alitufunza na hili, tena kwa fimbo: ukiitwa na sauti ambayo mwenyewe humwoni, usiitike.
Nikacheza zote. Hodi. Hodi. Nikangoja. Hodi.
Neno "karibu" lilikuwa limeshafika mdomoni. Nikauma ulimi. Naogopa. Nampenda, na namwogopa.

Jumamosi, 14 Machi
Mashine inafaa. Nimemwambia Mutua aiite kwaya.
Kisha nikacheza wimbo. Unaanza na kuimba. Nakala moja, vivyo hivyo. Zote pamoja, vivyo hivyo. Nikawasha ya zamani, ambayo sijaigusa tangu Jumatatu. Hakuna hodi hata moja.

Jumapili, 15 Machi
Mvua kidogo asubuhi. Nimefungua mlango wa chumba cha kurekodia, nikasema karibu.
Mutua alikuwa nje akikunja nyaya. Alidhani anaambiwa yeye. Akaingia.